Fungu la Sita

Kwenye yadi ya reli walimwita Mzee Tiki hata kabla hajawa mzee. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa. Treni ikiingia imechanganyika, saruji na mahindi na mafuta na mbao, yeye na wenzake waliivunja, kila behewa wakalisukumia njia yake, kisha wakaunga treni mpya za kwenda huku na kule. Alitembea na ubao wa kuandikia, kalamu ya risasi sikioni, na hakuna behewa lililompita bila kuwekewa tiki. Vijana walimcheka. Hawakujua kwamba mwaka wake wa pili kazini aliwahi kuiachia treni iondoke huku hesabu ikipungua kwa moja. Alijiambia labda amekosea kuhesabu. Kumbe behewa hilo moja lilikuwa limebaki njiani bila kabari, na baada ya saa nzima likaanza kuserereka lenyewe, taratibu, bila sauti, likamkuta mwenzake ameinama anafunga mnyororo. Mwenzake alipona, lakini mguu wa kushoto haukurudi. Tangu siku hiyo maneno "labda nimekosea" hayakumtoka tena kinywani akiwa kazini.

Alipostaafu, mkewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee alimchukua akakae kwao, kwenye chumba cha nyuma kinachotazama tangi la maji. Binti alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Mumewe alikuwa fundi friji, mcheshi, mwenye mikono mikubwa, asiyejua kufunga mlango bila kuubamiza. Haukupita mwaka, mama wa huyo fundi naye akaja kukaa. Alikuwa mkunga mstaafu, na alikuja kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza, mwaka juzi, ilikuwa imeharibika ikiwa na miezi sita. Alifika na masanduku mawili na mashine ya kupimia presha. Hakuna aliyeuliza atakaa mpaka lini.

Kukaa na mkweo nyumba moja si mchezo. Mzee Tiki akisikia kandambili za yule mama ukumbini, alisubiri zipite ndipo atoke chumbani. Bafuni alikwenda alfajiri, kabla kuku hawajashuka. Mezani waliitana "mzazi mwenzangu", wakaulizana hali, wakasifu chakula, basi. Yaliyobaki yalikuwa sauti ya vijiko. Heshima ilikuwa nyingi mno ndani ya nyumba ile mpaka watu walikuwa wanakosa hewa.

Binti ndiye aliyeleta mchezo. Aliuazima kwa mfanyakazi mwenzake, kisha akaupenda, akajinunulia wake. Ulikuwa mchezo wa ubaoni ulioitwa Mji wa Chini: mji mmoja kando ya mto, mitaa kumi na miwili, na kila mchezaji ana kazi yake humo, mmoja bwana afya, mmoja nahodha wa kivuko, mmoja mhandisi wa kingo, mmoja mgawa chakula. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wanne wote wako upande mmoja, na adui wao ni rundo la kadi lililolala katikati ya meza. Kila ukifunua kadi, mto unapanda, au homa inazuka mtaani, au ukibahatika unapata msaada. Mji ukifika mwisho wa mwezi wa sita ungali umesimama, mmeshinda nyote. Ukizama, mmezama nyote.

Binti alikuwa na hila yake. Alitaka wazee wake wakae meza moja wakiwa na jambo la kuzungumza. Lakini mchezo wa namna hiyo unataka watu waambiane ukweli upesi upesi, na sasa utamwambiaje mkweo, "Toka hapo, umekosea njia"? Wiki za kwanza Mzee Tiki alikuwa akiuambia ubao. Alisema, kama angepatikana mtu wa kwenda mtaa wa juu mapema, pengine homa isingeenea. Naye mkunga, bila kuinua macho, aliuuliza ukuta huyo mtu angepita daraja gani. Fundi friji alikuwa akicheka hadi machozi. Ila walicheza. Na kila Jumapili alasiri maneno yaliongezeka kidogo.

Kisha zikaja nyongeza. Michezo hii ina tabia ya kuzaa: ukishauzoea, wanakuuzia kasha jingine dogo lenye kadi mpya za kuchanganya na zile za zamani. Ya kwanza iliitwa Mafuriko, ya pili Homa. Fundi friji alizimwaga zote mezani siku ileile, akazichanga, na mji ukazama hata chai haijapoa. Alilalamika kwamba walioutengeneza mchezo ni watu wenye roho mbaya.  Jioni Mzee Tiki alizichukua kadi zote chumbani kwake, akazitandaza kitandani, na alipozitazama aliona yadi.

Aliona tatizo mara moja. Ukiongeza kadi za balaa bila kuongeza za msaada, msaada unamezwa. Ni kama kuunga mabehewa kumi ya mizigo bila hata moja lenye breki. Tena Homa ilichapwa baadaye, na migongo ya kadi zake ilikuwa imekolea rangi kidogo, kiasi kwamba mtu mwenye macho mazuri angejua homa inakuja kabla hajaifunua. Akamtuma binti amnunulie vifuko vya plastiki vyenye mgongo mweusi, kila kadi ikavalishwa sare. Kona ya kila kadi alichora alama kubwa kwa kalamu ya wino usiofutika: wimbi kwa Mafuriko, mwali kwa Homa, na zile za kasha mama akaziacha wazi. Akatenga daftari. Kila Jumapili aliandika nyongeza ipi imeingia, kadi ngapi za balaa, ngapi za msaada, na mchezo ukiisha alizitenganisha, akazihesabu kila fungu, akaweka tiki. Tisini na sita, arobaini na mbili, thelathini na sita. Mji ukaacha kuzama ovyo. Mara nne kati ya kumi ulisimama, na fundi friji akaanza kumwita baba mkwe wake "mhandisi mkuu".

Nyongeza ya tatu binti aliinunua akiwa na mimba ya miezi sita. Iliitwa Kaya, kadi thelathini, na ndani yake hawakuwa tena watu wa mitaa kwa jumla bali familia moja moja: mvuvi na wanawe, mjane wa mtaa wa tano, mwalimu mgonjwa. Siku ya kuzivalisha vifuko mkunga alijitolea kusaidia. Alivalisha kadi zote thelathini peke yake, pole pole, miwani ikiwa puani, na Mzee Tiki akachora alama ya nyumba kwenye kona. Baada ya hapo ikawa ajabu. Kila Jumapili ilipotajwa Kaya, mkunga alikuwa na sababu. Leo tumechelewa kuanza. Leo nina kichwa kizito, sheria mpya siziwezi. Leo tumalizane kwanza na Homa. Mzee Tiki aliliona hilo, akalihifadhi moyoni bila kulipa jina.

Mwishoni binti ndiye aliyekata shauri. Mimba ilikuwa na miezi saba na nusu, miguu yake ilikuwa imevimba, viatu vilikuwa vimemkataa. Alisema kabla mtoto hajaja na kuwafanya wote wasilale, anataka Jumapili moja tu wacheze mseto kamili, kasha mama na nyongeza zote tatu, kadi zote bila kubakiza hata moja. Mumewe alipiga meza kwa furaha. Mkunga alisema ni sawa, akainuka akaenda kuanua nguo.

Mzee Tiki alijiandaa wiki nzima. Mseto kamili ulikuwa na kadi mia mbili na nne, na sheria ilisema zichangwe zote pamoja kisha zigawiwe mafungu sita yaliyo sawa, fungu moja kwa kila mwezi: thelathini na nne, mara sita. Ijumaa usiku alihesabu kila nyongeza, akaweka tiki. Kasha akaliacha juu ya kabati la sebuleni.

Jumapili saa tisa wakakaa. Alichanga kadi kwa dakika kumi, akagawa. Fungu la kwanza, la pili, la tatu, midomo ikitembea bila sauti. Fungu la sita likaishia thelathini na tatu.

Akalihesabu tena. Thelathini na tatu. Akaanza upya kutoka la kwanza, safari hii akizipanga kumi kumi. Fundi friji alikuwa ameshaweka vipande vyote ubaoni, akaanza kugonga gonga dadu mezani. Mara ya tatu jibu likawa lilelile.

"Kuna kadi imepotea," alisema Mzee Tiki.

Walitafuta. Fundi aliinamisha kochi, akakuta kalamu mbili na soksi. Binti alitikisa kasha. Mkunga alibaki kitini, mikono mapajani. Fundi akasema kwa utani kwamba pengine si kadi iliyopotea, labda ni hesabu. Hata injini nzuri ikifikisha umri huanza kuruka. Alicheka peke yake. Mzee Tiki hakukasirika, lakini kijasho chembamba kilimtoka shingoni, kwa sababu wazo hilo lilikuwa limeshampitia.

"Tucheze tu, mzazi mwenzangu," mkunga akasema. "Kadi moja si kitu."

Hapo ndipo Mzee Tiki alipomtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Huyu alikuwa mwanamke anayehesabu vibanio vya nguo kabla na baada ya kuanika. Aliwahi kumrudisha mwanawe dukani kwa sababu ya kijiti kimoja cha kiberiti kisicho na kichwa. Na leo kadi moja si kitu.

Akazifungua upya zote, akazitenga kwa alama zake, wimbi huku, mwali kule, nyumba hapa. Kaya ilikuwa na ishirini na tisa. Akavuta daftari, ambalo ndani yake alikuwa ameandika jina la kila kadi, akaanza kuzisoma moja moja na kuweka tiki. Mvuvi na Wanawe, ipo. Mjane wa Mtaa wa Tano, ipo. Alifika ya tisa, na mkunga akainuka.

"Mzazi mwenzangu, njoo unisaidie kubeba birika. Mkono huu leo hauna nguvu."

Fundi alisema atakwenda yeye. Mama yake akamwambia akae. Tangu wakutane wakwe hawa, hakuna aliyewahi kumwomba mwenzake hata chumvi moja kwa moja. Mzee Tiki aliinuka, akamfuata jikoni.

Mkunga alifunga mlango kwa bega, akafungua bomba la maji ili lipige kelele. Kisha akatoa mfuko wa miwani kifuani, na ndani ya mfuko wa miwani akatoa kadi. Alimpa akiwa ameishika kwa mikono miwili. Mzee Tiki aliisogeza dirishani. Ilikuwa na picha ya kitanda na taa. Juu iliandikwa Uzazi Mgumu. Chini, kwa maandishi madogo, ilisema kwamba kama bwana afya hayumo katika mtaa huo, mwondoe mama na mwondoe mtoto, wasirudi tena katika mchezo.

"Nimeitoa mimi," alisema mkunga. "Sikutaka aifunue kwa mkono wake."

Mzee Tiki alimwambia kwa upole kwamba ni karatasi tu. Kisha akauliza kwa nini hakumwambia, wangeitoa pamoja.

"Ningekwambia hilo bila kukwambia lile jingine?" Alikaza bomba, akalifungua tena. "Presha yake inapanda. Wiki ya pili hii. Kliniki wamempa dawa na wamemwambia apumzike. Amenikataza nisikwambie wewe. Anasema baba akijua, hatalala. Mwanangu naye anajua, ndiyo maana anacheka kupita kiasi. Nimemwambia binti yako, mficha uchi hazai. Hanisikii."

Mzee Tiki alishika ukingo wa sinki. Alikumbuka miguu ya binti yake, viatu vilivyokataa kuingia, na jinsi yeye mwenyewe alivyotania kwamba ni miguu ya tembo. Alikuwa mtu wa kuona pungufu ya behewa moja katika arobaini, na hili lililokuwa likipita ukumbini mwake kila siku hakuliona.

"Leo asubuhi ilikuwa ngapi?"

"Mia moja arobaini na nane. Si nzuri, lakini nimeona mbaya zaidi. Nampima kila baada ya saa nne."

Kisha Mzee Tiki akaitia ile kadi kwenye mfuko wa shati, akachukua birika, na mkunga akamfungulia mlango.

Sebuleni aliketi, akalifunga daftari. Binti alikuwa akimtazama. Mzee Tiki alisema amekumbuka sasa; Kaya ilikuwa na ishirini na tisa tangu mwanzo, yeye ndiye aliyeandika thelathini. Wacheze, fungu la sita litapungua moja, si neno.

"Baba, wewe hukosei," alisema binti.

"Leo nimekosea mimi."

Fundi friji, aliyekuwa na utani tayari mdomoni, aliumeza. Binti akaendelea kumtazama kidogo, kisha akatazama chini, akavuta kadi ya kwanza.

Mji ulianza vizuri. Mwezi wa kwanza mto ulipanda mara mbili tu. Mwezi wa pili homa ikazuka mtaa wa nne, na mkunga, ambaye ndiye alikuwa bwana afya siku zote kwa vile hakuna aliyethubutu kumnyang'anya, aliizima. Lakini hawakuwa wakizungumza kama kawaida. Kila mmoja alicheza zamu yake kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa kwa ncha za vidole. Mzee Tiki alizifunua kadi za Kaya akiwa na moyo mkononi, ingawa alijua fika ile yenyewe imelala kifuani pake. Kila alama ya nyumba ilipojitokeza, alihisi kifuko cha plastiki kikimgusa ngozi kupitia shati. Macho yake hayakuwa ubaoni tena. Aliona binti akijisugua kipaji cha uso, akaacha, akajisugua tena.

Mwezi wa tatu ulikuwa mbaya. Kingo mbili zilibomoka zamu moja, na zamu ya binti ikafika wakati mitaa mitatu imo majini. Alivuta kadi, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Sheria ilikuwa kwamba kadi ya Mafuriko husomwa kwa njia moja na ya Kaya kwa nyingine, kwa hiyo kwanza unatazama alama.

"Baba, hii ni wimbi au nyumba?"

Mzee Tiki aliitazama kutoka upande wa pili wa meza. Ilikuwa wimbi, kubwa kama ukucha wa dole gumba. Alilichora mwenyewe makusudi ili asiyeona vizuri, yaani yeye, aone. Binti yake alikuwa na macho ya kuchora mistari myembamba kama unywele.

"Huioni?"

"Naiona. Ila kuna vitu vinametameta juu yake. Kama vinyota." Akacheka kidogo. "Na kichwa kinanigonga tangu mchana."

Mkunga alikuwa ameshasimama kabla neno la mwisho halijaisha. Hakukimbia, na hilo ndilo lililomtisha Mzee Tiki. Alileta mashine, akamfunga mke wa mwanawe mkanda wake mkononi, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anasikia maumivu hapa chini ya mbavu. Binti akasema ndiyo, kidogo, alidhani ni gesi. Mkanda ukavimba, ukalegea. Mkunga alisoma, akaigeuza ili mgonjwa asione, lakini Mzee Tiki aliona: mia moja sabini na mbili, juu ya mia moja na kumi na nne.

"Washa gari," mkunga alimwambia mwanawe. "Usiulize. Washa."

Gari lilikuwa pikapu ya kazini, kiti cha mbele kinabeba watatu kwa kubanana, na nyuma kulikuwa na majokofu mawili ya wateja yamefungwa kamba. Mzee Tiki alitaka kupanda nyuma hivyo hivyo. Mkunga alimshika mkono, kwa mara ya kwanza, tena hadharani, akamwambia abaki karibu na simu. Kama watahitaji nguo au karatasi za kliniki, nani atazileta? Binti alikuwa ameegemea kioo, amefumba macho. Alisema, "Baba, usiwaze," na pikapu ikaondoka. Mlango safari hii fundi aliufunga taratibu.

Nyumba ikabaki na Mzee Tiki na mji uliozama nusu. Aliketi. Akasimama. Alikwenda getini, akarudi. Saa kumi na moja ikapita, simu imelala kimya juu ya meza kati ya dadu na vikombe. Alijaribu kuomba, maneno yakamkatikia njiani. Mwishowe mikono yake ikaanza yenyewe kazi iliyoizoea. Alikusanya kadi zote, zilizofunuliwa na zisizofunuliwa, akaanza kuzitenganisha.

Wimbi. Wazi. Mwali. Nyumba. Alizipanga kwa mistari minne, hakuharakisha. Alifanya hivi enzi zile mvua ikinyesha na treni zimechelewa, na alijua kwamba mtu anayehesabu hawezi kuwaza jambo jingine mpaka mwisho. Kila wazo baya likianza, namba inalikata katikati. Kasha mama, tisini na sita. Mafuriko, arobaini na mbili. Homa, thelathini na sita. Kaya, ishirini na tisa.

Akatoa kadi mfukoni, akaiweka mezani. Kuirudisha hakuweza, mkono ulikataa. Kuichana au kuitupa pia hakuweza, maana hesabu ya uongo ndiyo iliyomla mwenzake mguu. Ndipo alipokumbuka kwamba yadini behewa likiwa bovu halikuwa linahesabiwa kama limepotea. Liliondolewa kwenye treni, likasukumwa njia ya pembeni, na kwenye orodha likaandikwa limetolewa kazini, na nani, na kwa sababu gani. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile, akafuta tiki ya Ijumaa, akaandika kwa mwandiko wake wa kusimama: Kaya, thelathini. Moja nje ya kazi, kwa amri ya mkunga. Mimi nilikubali. Akaichomeka kadi nyuma ya daftari.

Simu ililia jua likiwa linaingia dirishani kwa chini. Aliipokea akiwa amesimama.

"Mzazi mwenzangu," sauti ya mkunga ilikuwa imechoka. "Wamempasua. Wapo wote wawili."

Mzee Tiki akasikia kwamba yule mama, aliyezalisha nusu ya mji wake, analia. Walikaa hivyo, simu masikioni, wakwe wawili, hakuna aliyejaribu kuzungumza kwa heshima. Baadaye akauliza mtoto ana uzito gani. Msichana, kilo moja na gramu mia nane, yuko kwenye kisanduku cha joto, anapumua mwenyewe. Presha ya mama bado wanaishusha. Siku mbili hizi ni za kuangalia sana. Mzee Tiki aliandika uzito huo mahali palipokuwa karibu, na palipokuwa karibu ni daftari.

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu, na ya tatu haikuwa fupi. Lakini presha ilishuka. Baada ya wiki mbili na nusu binti alirudi nyumbani na mtoto mdogo kama mkate, na wakwe wale wakajikuta wakipishana ukumbini usiku na mchana na chupa na nepi, bila hata kukumbuka kusubiriana.

Mambo yalilipuka mwezi uliofuata, kwa jambo dogo. Binti alitaka kujua mtoto ameongezeka kiasi gani tangu azaliwe, akamwuliza baba yake uzito wa kwanza, naye kwa kusahau akamwambia upo kwenye daftari la mchezo. Binti akalifungua. Aliusoma uzito, akasoma na mstari wa juu yake. Kisha kadi ikaanguka kutoka nyuma ya daftari.

Aliwaita wote wawili sebuleni. Aliketi na mtoto begani, kadi ikiwa mezani.

"Nani aliyewaambia mimi siwezi kuiona hii?"

Mkunga alianza kusema kwamba wakati ule, kwa hali yake... Binti alimkata, kwa adabu lakini alimkata. Alisema kadi zile alizisoma zote dukani kabla hajazinunua. Alijua ile imo. Aliutaka mseto kamili akijua imo, kwa sababu alikuwa anaogopa kila saa, nyumba nzima inamzunguka kwa ncha za vidole, na alitaka mara moja tu kukaa mezani na watu wake, wote wanne wakiliangalia jambo hilo pamoja, angalau kwenye ubao. Badala yake alimwona baba yake, kwa mara ya kwanza maishani, akisema uongo, akajua kwamba hali yake ni mbaya kuliko alivyoambiwa. Mchezo mzima alicheza akiwaza hilo.

Mzee Tiki alisema na yeye alikuwa amefichwa jambo. Binti akakubali kwamba hilo ni kosa lake, na kosa lake haliwafutii wao lao.

Mkunga alitazama mikono yake. Mzee Tiki alitazama ya kwake. Fundi friji, aliyekuwa amesimama mlangoni na bisibisi, aliwaona wazazi wale wawili wamekaa kochi moja kama wanafunzi walioitwa na mwalimu mkuu, akaona ni busara arudi nje.

"Mama anaomba radhi," alisema mkunga hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Na mimi," akasema Mzee Tiki.

Binti akampa mkunga mtoto, kwa kuwa alikuwa amelowa, akavuta kasha na daftari upande wake wa meza. Tangu siku hiyo ni yeye anayeamua kipi kiingie na kipi kibaki nje, na humweleza kila mmoja sababu. Mzee Tiki amebaki na kuhesabu. Mseto kamili waliujaribu tena mtoto alipofikisha miezi minne, kadi zote mia mbili na nne, na mji ukazama mwezi wa tano kwa mafuriko ya kawaida kabisa, kwa sababu mkunga alikataa kutoka mtaa wa pili ingawa mkwewe alimwambia waziwazi, mara tatu, kwamba amekosea njia.